Nani Aliwafundisha Walimu? Historia Fupi ya Walimu wa Baleti, kutoka Shanghai na Beijing hadi Guangzhou

Katika familia zetu nyingi, Guangzhou ni mji wa mzigo. Ukiambiwa mjomba yuko Guangzhou, huulizi anafanya nini huko. Anatafuta nguo, viatu, simu au vipuri, na baada ya wiki kadhaa kontena litafika Mombasa au Dar es Salaam. Mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli inajulikana Kariakoo na Eastleigh kuliko inavyojulikana na Wachina wengi wa mikoa ya mbali.

Makala haya yanahusu kitu kingine kilichofika katika mji huo kutoka mbali, nacho hakikuja katika kontena. Ni dansi ya baleti. Baleti ilizaliwa katika makasri ya Italia na Ufaransa, ikakuzwa Urusi, na leo Guangzhou ina kundi lake la baleti linalocheza katika jumba la opera lililochorwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2010. Wanahistoria wengi wa sanaa huwaandika wachezaji na watunzi. Mimi nimetaka kufuata walimu. Baleti haijifunzwi kwa kusoma kitabu. Lazima mtu aliyejifunza kwa mwili wake asimame mbele yako, akushike goti, akugeuze nyonga, akuambie rudia. Kwa hiyo nchi isiyo na walimu haiwezi kuwa na baleti, hata ikiwa na pesa na majumba. China ilianza bila walimu wake yenyewe. Iliwapataje?

Walimu wakimbizi

Walimu wa kwanza hawakualikwa na serikali yoyote. Walikuwa Warusi waliokimbia baada ya mapinduzi ya mwaka 1917. Wengi walikwenda Harbin, kaskazini, na wengine wakashuka hadi Shanghai. Huko walifungua madarasa ili wapate kula. Wanafunzi wao wengi walikuwa watoto wa Wazungu. Mmoja alikuwa msichana wa Kiingereza ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Margot Fonteyn; huko Shanghai alifundishwa na Georgy Goncharov.

Watoto wachache wa Kichina nao waliingia katika madarasa hayo. Hu Rongrong alijifunza kwa Nikolai Sokolsky. Miaka mingi baadaye alikuwa mmoja wa viongozi wa Shule ya Dansi ya Shanghai, iliyoanzishwa mwaka 1960, na mmoja wa watunzi wa baleti ya Msichana mwenye Nywele Nyeupe. Sokolsky alikuwa mkimbizi aliyefundisha ili aishi, na bila kukusudia akawa babu wa shule nzima.

Lakini njia hii ilikuwa nyembamba. Mwalimu mkimbizi akipata viza ya kwenda kwingine, anaondoka na elimu yake. Hakukuwa na mtaala, cheti, wala mtu wa kumrithi.

Binti wa Trinidad

Jina kubwa zaidi katika historia hii ni la mwanamke ambaye hakuzaliwa China. Dai Ailian alizaliwa mwaka 1916 huko Couva, kisiwani Trinidad, katika familia ya Kichina ambayo asili yake ni Xinhui, mkoani Guangdong, si mbali na Guangzhou. Nyumbani walizungumza Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda London na mama yake, akajifunza baleti kwa Anton Dolin na Marie Rambert, kisha akapata nafasi ya kusoma dansi ya kisasa katika shule ya Kurt Jooss huko Dartington.

Mwaka 1940, vita vya Japani na China vikiwa vimepamba moto, alisafiri hadi Hong Kong. Huko alicheza katika maonyesho ya kuchangisha fedha za vita chini ya Soong Ching-ling. Kisha akaingia bara, akafika Chongqing. Kichina chake kilikuwa kidogo sana, na hata alipozeeka watu waliomjua walisema matamshi yake hayakuwa ya mwenyeji. Ninawaomba wanachama wenzangu wasome sentensi hiyo mara mbili. Mtu aliyekuja kuitwa mama wa dansi ya China alijifunza lugha ya mababu zake akiwa mtu mzima, kama baadhi yetu tunavyojifunza Kiswahili darasani baada ya kukisikia jikoni tu.

Dai hakukaa akifundisha baleti peke yake. Alisafiri mipakani akajifunza ngoma za Watibeti, Wauyghur, Wayi na wengine, akaziandika na kuzicheza jukwaani mjini Chongqing mwaka 1946. Aliamini kwamba mwalimu wa dansi wa China anapaswa kujua mambo mawili: elimu iliyotoka nje na elimu iliyokuwepo kabla yake. Mawazo haya yaliingia baadaye katika mpango wa masomo, na ndiyo sababu mpaka leo shule za dansi za China zina idara za baleti na idara za ngoma za Kichina chini ya paa moja.

Darasa la walimu la mwaka 1954

Baada ya mwaka 1949 serikali mpya ilitaka shule ya taifa ya dansi. Ingeweza kukusanya watoto mara moja na kuwapa mwalimu mgeni. Haikufanya hivyo. Mapema mwaka 1954, miezi kadhaa kabla shule haijafunguliwa, liliandaliwa mjini Beijing darasa la kuwafunza walimu. Washiriki walikuwa watu wazima, wengi wao wachezaji wa vikundi vya sanaa. Waligawanywa: wengine baleti, wengine dansi za Ulaya, wengine dansi ya jadi ya Kichina. Wa baleti walifundishwa na mwalimu kutoka Umoja wa Kisovieti, Olga Ilyina.

Mafunzo hayo yalichukua kama nusu mwaka tu. Mwezi Septemba 1954 Shule ya Dansi ya Beijing ikafunguliwa, Dai Ailian akiwa mkuu wake, na wale waliokuwa wanafunzi mwezi Agosti wakawa walimu.

Ukitazama kwa haraka utasema ni mzaha. Mtaala wa Kirusi uliandaliwa na Agrippina Vaganova, mwalimu wa Leningrad aliyefariki mwaka 1951, na kitabu chake cha misingi ya dansi ya klasiki kilitoka mwaka 1934. Katika mfumo wake mtoto huchukua miaka minane kuwa mchezaji. Itakuwaje mtu mzima awe mwalimu kwa miezi sita?

Jibu ni kwamba mafunzo hayakuisha pale. Walimu wa Kichina waliendelea kukaa katika madarasa ya wataalamu wa Kisovieti kama wasaidizi na kama wanafunzi, huku mkalimani akiwa katikati. Mfumo wa Vaganova uliwasaidia kwa sababu umepangwa hatua kwa hatua. Kila mwaka una mazoezi yake: kukunja magoti ukishika upao wa ukutani, kunyoosha mguu sakafuni, kisha hewani, kisha kuruka, kisha kuzunguka. Mwalimu hahitaji kujua mwaka wa nane ili afundishe vizuri mwaka wa kwanza. Anahitaji kuujua mwaka wa kwanza kwa ukamilifu na kuwa mbele ya wanafunzi wake kwa hatua chache.

Wengine walipelekwa ugenini. Jiang Zuhui alisomea utunzi wa dansi mjini Moscow katika miaka ya 1950. Na mwishoni mwa mwaka 1957 alifika Beijing Pyotr Gusev, mchezaji na mwalimu mashuhuri wa Leningrad na Moscow. Mwaka 1958 wanafunzi na walimu wa shule ile, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, walicheza Ziwa la Mabata Maji, Bai Shuxiang akiwa malkia wa mabata. Mwisho wa mwaka 1959 likaundwa kundi la majaribio la baleti la shule hiyo, ambalo ndilo mzizi wa Baleti ya Taifa ya China.

Wageni wanapoondoka

Mwaka 1960 uhusiano wa China na Umoja wa Kisovieti ulivunjika. Wataalamu wa Kisovieti waliitwa nyumbani kutoka viwandani, mabwawani na maofisini. Gusev naye aliondoka mwaka huo.

Hapa ndipo uamuzi wa mwaka 1954 ulipoonekana thamani yake. Viwanda kadhaa vilibaki na mashine zisizokamilika, lakini shule ya dansi haikufungwa. Mitaala ilikuwepo, na la muhimu zaidi, walikuwepo walimu wa Kichina waliokwisha kufundisha kwa miaka sita. Mwaka 1964 walitoa Kikosi Chekundu cha Wanawake, kazi ya Li Chengxiang, Jiang Zuhui na Wang Xixian. Hadithi yake inatokea kisiwani Hainan, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya mkoa wa Guangdong, na watunzi walikwenda kisiwani kabla ya kuitunga. Wasichana walisimama juu ya vidole vya miguu wakiwa na bunduki mikononi. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia, lakini hakuna Mrusi aliyeitunga.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, na pigo lilitoka ndani. Baleti za kale zilipigwa marufuku. Zilizoruhusiwa ni zile za mfano, zikiwemo Kikosi Chekundu na Msichana mwenye Nywele Nyeupe. Baleti yenyewe haikufa. Rais Nixon alionyeshwa Kikosi Chekundu alipotembelea Beijing mwaka 1972. Walioumia ni watu. Dai Ailian, aliyesoma London na kuzaliwa ng'ambo, aliondolewa kazini akapelekwa kufanya kazi za shamba. Bai Shuxiang aliondolewa jukwaani kwa miaka mingi.

Kwa mchezaji, miaka kumi ni karibu maisha yote ya kazi. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1966 alikuwa na 35 mambo yalipotulia, na magoti hayangoji siasa. Hata hivyo Bai Shuxiang alirudi jukwaani mwishoni mwa miaka ya 1970, Dai akarejeshewa heshima yake, na mwaka 1978 shule ya Beijing ikapandishwa kuwa chuo kikuu cha dansi. Tangu hapo mwalimu wa dansi aliweza kupata shahada, si uzoefu peke yake. Dai aliishi hadi mwaka 2006.

Zamu ya Guangzhou

Guangzhou ilikuwa na shule ya dansi ya mkoa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini umaarufu wake ulikuja baadaye kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Yang Meiqi, mkuu wa shule hiyo katika miaka ya 1980. Guangdong ilikuwa imefunguliwa kwa biashara kabla ya mikoa mingine, Hong Kong iko jirani, na Yang aliona mlango. Alikwenda Marekani kwenye American Dance Festival mjini Durham, na mwaka 1987, kwa msaada wa tamasha hilo na wa Asian Cultural Council, akaanzisha Guangzhou darasa la dansi ya kisasa. Walimu walitoka Marekani kwa zamu, mmoja akiondoka mwingine akija. Wanafunzi walikuwa vijana waliokwisha kufuzu mafunzo mengine ya dansi. Miongoni mwao walikuwa Jin Xing na Shen Wei, ambao leo wanajulikana duniani. Mwaka 1992 likazinduliwa rasmi Kundi la Dansi ya Kisasa la Guangdong, la kwanza la aina yake nchini. Tazama inavyofanana na mwaka 1954: walimu wageni, muda mfupi, wanafunzi watu wazima, na lengo la kubaki na watu wa kuendeleza wageni wakiondoka.

Ya pili ni baleti yenyewe. Mwaka 1993 Zhang Dandan, aliyekuwa mchezaji wa kundi la taifa Beijing, aliombwa aanzishe Baleti ya Guangzhou. Kundi hilo lilianza kwa mfumo uliokuwa mgeni China wakati huo: mkurugenzi wa sanaa ndiye mwenye mamlaka, na wachezaji wanaajiriwa kwa mikataba. Zamani mchezaji wa kundi la serikali alikuwa na kile Wachina wanachokiita bakuli la chuma la wali, yaani ajira isiyovunjika mpaka uzeeni. Mkataba ulileta nidhamu, na pia wasiwasi. Mkataba ukiisha na mwili umechoka, utakula nini?

Wengi hujibu: nitafundisha. Ndiyo maana mabadiliko ya mikataba ni sehemu ya historia ya walimu.

Njia ya mwalimu leo

Mwalimu wa baleti wa Guangzhou leo anaweza kuwa amepita njia mojawapo kati ya tatu.

Njia ya kwanza ni ya jukwaa. Mtoto huchaguliwa akiwa na miaka kumi au kumi na moja. Hupimwa urefu wa miguu, unyumbufu wa nyonga na mgongo, na mara nyingine wazazi wake nao hutazamwa ili kukisiwa atakuwa na umbo gani. Hulala bweni, husoma miaka sita au saba, kisha hujiunga na kundi. Akistaafu katika miaka ya thelathini anarudi shuleni kama mwalimu. Huyu ana heshima kubwa kwa sababu amecheza, ingawa kucheza na kufundisha ni kazi mbili.

Njia ya pili ni ya chuo. Huyu anasomea ualimu wa dansi kwa miaka minne: mpangilio wa masomo, anatomia, muziki, historia. Pengine hakuwahi kuwa nyota, lakini anajua kwa nini mtoto wa miaka tisa asipewe viatu vya kusimamia vidole kabla mifupa yake haijakomaa.

Njia ya tatu ni ya mitihani. Royal Academy of Dance ilianzishwa London mwaka 1920 kwa lengo moja mahususi: kuinua kiwango cha walimu. Madaraja na vyeti vyake viko Hong Kong, vimeingia China bara, na viko Nairobi pia. Beijing nayo ina mfumo wake wa madaraja kwa watoto. Studio za ghorofani na zilizo ndani ya maduka makubwa zinaishi kwa mitihani hii, kwa kuwa mzazi anayelipa ada anataka karatasi ya kuonyesha. Mwaka 2021 serikali ilipobana masomo ya ziada ya hesabu na lugha, masomo ya sanaa hayakuwekwa katika kundi hilo, na wazazi wengi waliendelea kuwapeleka watoto kwenye dansi.

Njia hizi tatu hazilingani kwa mshahara wala kwa usalama. Mwalimu wa shule ya serikali ana nafasi ya kudumu. Mwalimu wa studio analipwa kwa saa, na studio ikifunga milango hana kitu. Wote wawili wanaweza kuwa wamefundishwa na mtu yuleyule.

Na upande wetu?

Msomaji anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Tanzania nayo ilianzisha kundi la ngoma la taifa mwaka 1963. Katika miaka hiyo ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi mwaka 1969. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Huko wacheza ngoma na sarakasi waliokuwa wasanii wa serikali waligeuka walimu. Ni hatua ileile ya Beijing: kutoka kundi kwenda shule, kutoka kucheza kwenda kufundisha.

Nairobi ina hadithi ya baleti hasa. Mike Wamaya, mchezaji Mkenya, alifundisha watoto wa Kibera katika vyumba vya madarasa visivyo na vioo wala upao, viti vikisogezwa kando. Mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu kumi wa mwisho waliowania Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Dance Centre Kenya ilianzishwa mwaka 2015 na Mmarekani Cooper Rust, na kijana Joel Kioko kutoka Nairobi alipata nafasi ya kusoma English National Ballet School mjini London. Hizi ni habari njema. Lakini magazeti yaliposimulia habari ya Kioko, yalisimulia habari ya kijana aliyeondoka. Swali la mwaka 1954 ni lingine: ni vijana wangapi wa Nairobi wanaoandaliwa kuwa walimu, wabaki, wafundishe wengine kumi?

Kuna watakaosema baleti si yetu, na ngoma zetu zina walimu wake tayari. Hoja hiyo ina uzito. Ila tukiitazama China, tunaona kwamba baleti haikuja kuchukua nafasi ya ngoma za wenyeji. Mtu yuleyule aliyeleta elimu ya London ndiye aliyezunguka mipakani kuandika ngoma za wazee. Hatari haiko katika kujifunza cha mgeni. Hatari ni kujifunza cha mgeni na cha nyumbani vyote viwili bila kuandaa wa kuvifundisha.

Chama chetu kina wanachama wengi wanaotaka kuzungumza Kiswahili vizuri, na hilo ni jema. Walimu wetu wa lugha ni wachache, baadhi wako kwa mikataba ya mwaka mmoja, na mmoja akiondoka darasa hutetereka. Ninapendekeza jambo dogo tunaloweza kulianza muhula ujao bila kungoja bajeti: wanachama wa mwaka wa tatu wakae katika darasa la wanaoanza, si kama wageni bali kama wasaidizi wa mwalimu, wajifunze jinsi somo la kwanza linavyofundishwa. Hawahitaji kujua kila kitu. Wanahitaji kuujua mwaka wa kwanza kwa ukamilifu, kama wale watu wazima wa Beijing mwaka 1954, waliokuwa wanafunzi hadi Agosti na walimu kuanzia Septemba.